Mfuko Umeshaondoka

Mpishi alipochungulia mfuko uliobaki kaunta, aligundua mifuko imebadilishana. Ndani mlikuwa na kuku wa kuchoma. Basi yule mteja aliyeagiza kwa kusisitiza, "Karanga zinanifunga koo, msiniwekee hata chembe," ndiye aliyepelekewa mchuzi wa karanga!

Zamani, watu walipokula humu humu, angekimbia akampokonya sahani. Lakini tangu waanze kupeleka chakula majumbani, biashara imenona, na meza ya mteja imehamia upande wa pili wa mji.

Akampigia shemeji yake, dereva wa pikipiki waliyembandika jina Kinyonga kwa mwendo wake. Namba ya mteja alikuwa nayo dereva huyo tu. Simu ikaita mpaka ikakata. Angepokeaje, na mpishi mwenyewe ndiye aliyemwapisha asishike simu akiwa barabarani? Akapiga tena, na tena. Jikoni vitunguu viliungua, hakujali. Mtu mzima afe kwa mkono wake, na hata sura hamjui!

Mara simu ya mgahawa ikalia. Akaidaka kwa mikono miwili.

"Nyie watu mna akili kweli?" mwanamke alifoka. "Saa nzima nasubiri chakula! Huyo mtu wenu anakuja kwa magoti?"

Kinyonga! Mwendo ule ule aliomgombezea kila siku!

"Kikifika usikile, mwanangu, kina karanga," mpishi alisema, huku akiteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni. "Haya, sasa nitukane. Nitukane tena."