Jina la Baba Sungura

Hapa Mgogoni kila mtu anajua kwamba Bi Mize halitamki jina la mumewe. Hilo peke yake si ajabu, wanawake wengi wa rika lake hawalitamki. Ajabu ni kwamba Bi Mize alizidisha mpaka akalipiga marufuku neno zima. Mumewe anaitwa Safari. Basi kwa Bi Mize watu hawasafiri wala hawana safari, wana "mwendo." Mwaka aliokwenda Unguja kumtazama binti yake, mkata tiketi bandarini alimwuliza kwa heshima zake zote, "Bibi, una safari?" Bi Mize akajifunika uso kwa kanga, akajibu, "Nnaye, yuko shamba." Bandari nzima ilicheka, na kisa kilifika kijijini kabla ya yeye mwenyewe kurudi.

Msimwone mjinga. Siku ya harusi yake mamake alimweka kando akamwambia, "Jina la mumeo ni la mamake na la kadhi. Wewe halikuhusu." Mama huyo alishakufa, Mungu amrehemu, na maneno ya aliyekufa hayana wa kuyatengua. Kwa hiyo, alipokuwa bi harusi, Bi Mize alimwita mumewe "wewe." Alipozaliwa Mgeni, mtoto wao wa kwanza, akamwita "Baba Mgeni," akapumua. Ikapita miaka thelathini na moja, na Mzee Safari hakulalamika hata siku moja. Kwa kweli Mzee Safari halalamikii chochote. Ni mtu wa muhogo wake na mikarafuu yake michache, na maneno huyatoa kwa kibaba.

Sasa sikilizeni mtihani ulikotokea. Chake Chake, mtaa wa Tibirinzi, kuna vijana waliojifungia chumbani na kompyuta mbili wakachora katuni ya watoto: familia ya sungura, baba, mama na watoto watatu, wanaoishi chini ya mkarafuu na kuzungumza Kipemba. Mkubwa wao ni Abrahman, mpole mwenye miwani, ambaye ndiye anayeandika maneno. Alikuwa akitafuta sauti ya Mama Sungura. Bi Mize amefundisha chekechea miaka ishirini, na sauti yake inaweza kumnyamazisha mtoto aliye ng'ambo ya bonde. Alipoitwa kujaribu alisoma mistari miwili tu, Abrahman akasema basi, tumepata.

Aliitaka kazi ile kwa roho yake yote, na sababu yake nitaisema kwa kuwa mwenyewe haifichi. Wajukuu wake wawili wako Unguja. Siku moja kwenye simu yule mdogo alimcheka: "Bibi, mbona unaongea kishamba?" Mtoto hana kosa, husema anayoyasikia. Lakini lilimchoma Bi Mize, likamkaa. Watoto wale hukaa mbele ya katuni kutwa, na katuni zote zinasema lugha za watu wengine. Akajiambia, ntaingia mumo humo ndani ya sanduku lao, nizungumze Kipemba changu, na nione kama watamcheka sungura.

Kisha akapewa karatasi zake, akakuta Baba Sungura anaitwa Safari.

Abrahman hakukusudia ubaya. Jina lilimpendeza kwa sababu sungura yule hatulii nyumbani. Kulibadilisha ndiyo hakukuwezekana: katuni yenyewe inaitwa "Jamaa ya Safari," jina limeshachorwa kwenye kofia ya sungura, na kipindi cha mfano kilishapelekwa televisheni, ambamo Soud, anayemsemea baba, anajitambulisha kwa kifua mbele. Bi Mize hata jina la katuni hakuweza kulitaja. Majirani wakimwuliza anafanya kazi gani mjini, alisema, "Ile ya sungura."

Siku ya kwanza aliingia studio, yaani chumba kilichogongomewa magodoro ukutani ili jogoo wa jirani asisikike. Mstari wa kwanza ulisema, "Safari, chakula tayari!"

"Baba Mgeni, chakula tayari!" akasoma Bi Mize.

"Bi Mize," Abrahman akasema, "sungura hawa hawana mtoto anayeitwa Mgeni."

"Basi wamzae."

Mmanga, fundi wa sauti, alicheka mpaka akasimamisha mtambo. Abrahman akaeleza taratibu kwamba tatizo si mtoto, tatizo ni mdomo. Kwenye picha Mama Sungura anafungua mdomo mara tatu: Sa-fa-ri. Baba Mgeni ni mara nne; mdomo umeshafungwa na sauti bado inatoka. Bi Mize akahesabu kwa vidole, mwalimu wa chekechea yule, akapata jawabu: mwe-nza-ngu. Mara tatu kamili. Wakajaribu, mdomo ukakaa sawasawa. Vipindi vinane vikaenda kwa "mwenzangu," na Abrahman akakiri kwamba limependeza kuliko alivyoandika yeye.

Cha tisa ndicho kilichomtia kitanzini. Ndani yake Baba Sungura anakwenda kutafuta kuni, anapotea msituni, na Mama Sungura anasimama mlangoni kumwita. Kipindi chote kiko hapo, kwenye kuita.

"Mwenzangu! Mwenzangu weee!" Bi Mize aliita.

Abrahman akavua miwani. "Bi Mize, nisamehe. Msitu una wanyama chungu nzima. Ukisema mwenzangu ataitika komba, ataitika tumbili, ataitika kila mwenye mke. Watoto hawataelewa. Hapa lazima amwite kwa jina."

"Sijaliita mie na mwenyewe yuko mbele yangu, ndo nikaliite mbele ya maiki?"

"Sasa nifanye nini, bibi yangu?" Alisema kwa huzuni hasa, maana alikuwa akimpenda. "Jumamosi tunapeleka kazi. Kama kesho haikuwezekana, itabidi nimwombe Bi Time wa Kiuyu aje. Na kwa kuwa Mama Sungura hawezi kuwa na sauti mbili, atasoma vipindi vyote tangu mwanzo."

Vipindi vyote. Bi Mize alirudi nyumbani na maneno hayo mawili. Alikuwa ameshawaambia wajukuu wakae tayari, na yule mdogo alikuwa ameshawatangazia wenzake mtaani kwamba bibi yake ni sungura.

Adhuhuri hiyo Mzee Safari alitoka shamba, akanawa, akakaa jamvini. Akala tonge la kwanza, akala la pili, akasita. Mchuzi haukuwa na chumvi hata chembe.

"Mize, una nini?"

"Sina kitu." Kisha akasema yote, tangu kofia ya sungura mpaka Bi Time wa Kiuyu. "Wanataka niliite lile jina."

"Jina gani?"

"Lile."

"Lipi?"

"Lako, Baba Mgeni! Lako!"

Mzee Safari alitafuna kidogo. Bi Mize akangoja acheke, au akasirike, au aseme lolote ambalo mtu angeweza kulishika.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu."

"Haya," akasema, akaendelea na mchuzi wake usio na chumvi.

Asubuhi Bi Mize alimkuta ukumbini amevaa kanzu ya Ijumaa, na siku ilikuwa Jumanne. "Twende," alisema. Mwanamume hafungi safari, astaghfirullahi, hafungi mwendo kutoka Mgogoni hadi Chake, kanzu imepigwa pasi, ila ana neno zito la kuwaambia watu. Anakwenda kunitoa, akajisemea. Anakwenda kuwaambia mke wangu si wa kuchezewa. Njia nzima hakuthubutu kumwuliza, na mzee njia nzima alitazama nje ya dirisha la gari.

Abrahman alipomwona mzee mlangoni alisimama ghafla mpaka hedifoni zikamtoka shingoni. "Shikamoo, mzee. Jina lile, wallahi, hatukukukusudia wewe..."

"Marahaba. Nimekuja kusikiliza."

Wakampa kigoda kwenye pembe. Mmanga akamwomba kwa adabu asikohoe, maana maiki ile husikia hata mbu. Mzee Safari akaitikia kwa kichwa, akaweka mikono magotini.

Bi Mize akasimama mahali pake. Kwenye kioo cha kompyuta Mama Sungura alikuwa mlangoni, mdomo umefungwa, anamngoja yeye. Akaanza, "Sa...", neno likakatika. Wakampa maji. Akaanza tena, likakwama palepale. Aliogopa, na hakuwa akimwogopa mumewe. Aliogopa kwamba kitu alichokitunza kinywani miaka yote hiyo kikitoka hakitarudi tena, na kwamba kitatoka kibaya, kwa sauti ya mtu asiyekizoea. Akamtazama mzee. Mzee alikuwa akitazama vidole vya miguu yake, na midomo yake ilikuwa imebanwa kama ya mtoto anayengoja kuitwa zamu yake darasani.

Sura ile Bi Mize aliijua. Aliiona miaka ishirini. Sauti ya chekechea ikamtoka yenyewe:

"Safari! Safari weee!"

"Naam!"

Kwenye katuni Baba Sungura alitakiwa asisikie bado. Mmanga akasimamisha. Abrahman akageuka. Mzee Safari alikuwa ameshasimama, kigoda kimeanguka nyuma yake.

"Mzee," Abrahman akasema taratibu, "tunarekodi. Usiitike."

"Haya, haya. Samahani."

Wakarudia. "Safari! Safari weee!"

"Naam!"

Mara ya tatu wakamtoa nje pamoja na kigoda chake, mlango ukafungwa, godoro likaegemezwa. Bi Mize akaita, na kutoka uani, kwa sauti aliyokuwa nayo alipokuwa kijana wa kukwea mikarafuu, likaja "Naam!" lililomwamsha hata jogoo wa jirani.

Abrahman alitoka. Dirisha halikuwa na godoro zito, kwa hiyo Bi Mize alisikia kila neno.

"Mzee wangu, kwani unashindwa nini kunyamaza?"

"Mwanangu," Mzee Safari alisema, na siku hiyo maneno hakuyatoa kwa kibaba, "huyu mwanzo alikuwa akinambia wewe. Kisha akanambia Baba Mgeni. Mamangu alipokufa, jina langu halikubaki na mtu wa kuliita nyumbani. Leo kaniita Mize mwenyewe. Nnyamae vipi?"

Ndani, Mmanga alijifanya anatafuta waya chini ya meza. Bi Mize alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akacheka, akajifuta tena, kisha akazirekebisha hedifoni masikioni.

"Tunayo, Bi Mize," Mmanga akasema. "Ile ya tatu naikata pale anapoitika. Imetoka vizuri sana."

"Haikutoka vizuri," alisema Bi Mize, akitazama dirisha la uani. "Washa. Narudia."