Koti Lililotoka Kibwezi

Wivu wa mume kwa mkewe watu wanaujua. Wivu wa jirani kwa ng'ombe wa jirani pia wanaujua. Lakini wivu wa fundi kwa mteja wake, huo mji wa Mbumbuni ulikuwa haujauona, mpaka Jumapili ile Mwalimu Nyamai alipoingia kanisani amevaa koti la kijivu ambalo Kaloki hakulishona.

Kaloki alikuwa benchi ya tatu, mahali pake pa siku zote, kwa sababu kutoka pale alimwona kila mwanaume aliyepita katikati. Neno la Mungu alilisikiza, hatumwekei dhambi, lakini macho yake nayo yalikuwa na kazi yao. Huyu suruali imeishia juu ya kifundo, kama mtu anayevuka mto. Yule tai imelala kifuani kama ulimi wa mbuzi. Yule mwingine amevaa koti la mitumba, na mabega ya Mzungu aliyelivaa kwanza bado yamo ndani. Kaloki alikuwa na sheria zake na hakuzipunguza kwa mtu. Suruali iguse kiatu na ikunjike mara moja tu. Mkono wa koti uache shati lionekane upana wa kidole. Na nguo isitoke nje kama haijapita chini ya pasi ya makaa. "Pasi ya stima inabembeleza nguo," alipenda kusema. "Ya makaa inaiamuru."

Katika miaka thelathini ya kushona, mwanaume mmoja tu ndiye aliyemtosheleza, naye ni Nyamai. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa amestaafu, na ndiye mwenyekiti wa wanaume wa kanisa. Tangu alipooa, kila suti aliyovaa ilitoka mikononi mwa Kaloki. Wakitembea pamoja, Kaloki hubaki nyuma hatua moja ili auone mgongo wa koti. Na mwezi wa Desemba Nyamai angemwoza binti yake Nthenya hapo kanisani. Kaloki alikuwa ameshatangaza katika hoteli ya chai, mbele ya watu na chai zao, kwamba suti ya siku hiyo ataishona yeye, na wajukuu watahadithiwa.

Sasa hili koti la kijivu. Lilimkaa Mwalimu kama ganda linavyolikaa hindi. Kaloki alitafuta kosa kwenye bega, akakosa. Akatafuta kwenye kola, akakosa.

"Funga mdomo," mkewe Mutindi alimnong'oneza. "Nzi wataingia."

Baada ya ibada, kina mama walimzunguka Mwalimu pale nje.

"Aiya! Kwani bwana harusi ni nani, ni wewe au ni yule kijana?"

"Mwalimu amerudi miaka ishirini nyuma!"

Nyamai alicheka akishika kola, kama kijana aliyepewa saa ya kwanza. Miaka yote hiyo na makoti ya Kaloki, hakuwahi kuishika kola namna ile.

Walipoketi kula pale uwanjani, jua lilikuwa kali, Mwalimu akavua koti akalitundika nyuma ya kiti. Kaloki alingoja aende kunawa mikono, kisha akaigeuza kola haraka, kama mwizi anayefunua sufuria. Ndani palikuwa na kijitambaa kilichotariziwa kwa uzi mwekundu: *Kasiva, Kibwezi.*

Kasiva! Huyo alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, msichana aliyemfundisha kutia uzi kwenye cherehani. Miaka saba iliyopita aliomba afundishwe kukata koti la mwanaume, Kaloki akacheka mpaka akakohoa. "Mwanamke utampimaje mwanaume mguu? Shona mapazia, binti. Shona sketi za shule." Msichana alifunga nguo zake ndani ya kikapu akaenda.

Nyamai alirudi akipangusa mikono.

"Koti zuri, Mwalimu," Kaloki alisema.

"Ah, ni kitu kidogo tu, fundi."

"Hiki kitu kidogo kimeshonwa wapi?"

"Nguo ni nguo, Kaloki. Kula chapati, inapoa."

"Na suti ya harusi ya Nthenya? Nikupimie lini?"

Nyamai alimega chapati, akaitazama, akairudisha kwenye sahani. "Tutaongea," alisema.

Tutaongea! Mtu anayetaka nguo husema kesho. Kaloki alilibeba neno hilo mpaka nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo.

"Baba Musyimi," Mutindi alimwambia asubuhi akimwekea chai, "hiyo sura yako mimi naijua. Ndiyo niliyokuwa nayo mwaka ule ulipokuwa ukimshonea yule mwalimu wa nasari magauni bila yeye kuyaomba."

"Usinichekeshe."

"Sijakuchekesha. Nakuambia tu vile inauma. Sasa umeonja."

Kazi ya Kaloki ilikuwa barazani, kati ya mashine ya kusaga posho na hoteli ya chai, na namna yake ya kupima ilijulikana soko zima. Mteja husimama juu ya kreti ya soda, wote wamwone. Kaloki huzungusha tepu, kisha huita hesabu kwa sauti ya mnada, na Mutindi huandika kwenye daftari. "Kifua, arobaini na nne! Kiuno, arobaini!" Wanaokunywa chai hupiga meza. Kiuno kikubwa ni shamba limezaa, ni mke anajua kupika. Kuna wanaume waliokuja kupimwa kabla hata ya kununua kitambaa, wasikie tu wakitangazwa.

Ila Nyamai alikuwa hajapanda kreti miaka mingi. Kaloki alijivunia hilo kuliko yote. "Mwili wa Mwalimu naujua kuliko mama watoto wake," alikuwa akisema, na alikata kila suti kwa hesabu ileile ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Mwaka huu suruali zilipoanza kujikunja kiunoni kama mdomo wa gunia, Kaloki alimwambia anunue mkanda wa maana.

Jumatano alivaa suti yake nyeusi, akaipiga pasi mara mbili, akaenda Kibwezi. Mutindi alimuuliza anaenda kutafuta nini. Akasema vifungo.

Alipomuulizia Kasiva alionyeshwa duka la vitambaa lenye cherehani barazani, la Liban, mtu wa Garissa, mrefu, kikoi chake kimenyooka kama karatasi. Alimtazama Kaloki kuanzia kola mpaka viatu, akaitikia kwa kichwa.

"Mzee wangu, hii suti imeshonwa na mtu anayejiheshimu."

"Nimeshona mimi."

"Basi karibu kiti. Kasiva! Toka uone kazi ya mkono."

Kasiva alitoka, tepu shingoni, sindano zimechomekwa kwenye kifua cha gauni. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipomwona alisimama, halafu akainama kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nasikia unashonea wanaume siku hizi."

"Wakinipa kitambaa nashona."

"Na unawapimaje? Ama umekuwa daktari?"

Liban alicheka. "Aliniuliza hivyo hivyo mke wangu Filsan! Mweleze, Kasiva."

"Siwashiki," Kasiva alisema. "Nampa mtu uzi wa mkonge, anaingia nyuma ya pazia, anajipima mwenyewe vile nimemwonyesha, anafunga fundo. Fundo la kwanza kifua, la pili kiuno, la tatu mguu. Analeta uzi. Hakuna wa kuongea vibaya, na hakuna hesabu ya kutajwa."

Kaloki alitoa pumzi kwa pua. Uzi wa mkonge! Wa kusukia vikapu! Nyuzi zenyewe zilitundikwa kwenye misumari ukutani, kila moja na kikaratasi chake. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye ule ulioandikwa *Mwl. Nyamai*. Aliuchukua bila kuomba. Miaka thelathini ya tepu ilikuwa imemfanya asihitaji namba. Vidole vyake vilipita kutoka fundo la kwanza mpaka la pili, vikasimama. Akapima tena. Thelathini na moja.

Akacheka, tena kwa raha, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Binti, umekosea. Hiki ni kiuno cha kijana wa sekondari. Mwalimu ni thelathini na nane. Iko kwenye daftari."

Kasiva hakucheka. "Fundi, ulimwona na lile koti?"

"Nilimwona."

"Lilimkaa?"

Kaloki aliupima uzi mara ya tatu.

"Basi uzi haujakosea," Kasiva alisema polepole. "Ni ugonjwa wa sukari. Umemla tangu mwaka jana. Alikuja hapa kumtembelea Nthenya, maana anakaa hapa mjini, akaingia dukani kama mtu anayejificha mvua. Aliniambia nguo zote za nyumbani zinamvaa yeye. Nikamuuliza, na fundi wako je? Akasema, 'Kaloki atanipandisha kwenye kreti. Ataita thelathini na moja mbele ya hoteli ya chai, na kufika jioni nitakuwa nimeshazikwa.'"

Ng'ombe walipita barabarani, na Liban akajifanya ana kitambaa cha kukunja.

Mtu angedhani Kaloki alimwonea rafiki yake huruma wakati ule. Huruma ilikuja, lakini haikuwa ya kwanza mlangoni. Kilichotangulia ni wivu uleule, sasa umekuwa mkubwa kuliko koti. Huyu mwanamke wa mapazia alijua kabla yake. Mwalimu alikaa kwenye kiti hiki hiki akamwambia mtu mwingine kinachomla, na yeye, anayetembea nyuma yake kila Jumapili akitazama mgongo, aliona kitambaa tu.

"Na suti ya harusi?" aliuliza.

"Koti nimeshalikata," Kasiva alisema. "Suruali bado."

Kaloki alirudisha uzi kwenye msumari. Vifungo alivyosema anaendea alivisahau.

Kesho yake mapema alienda kwa Nyamai, tepu mfukoni, bila daftari wala Mutindi. Mwalimu alikuwa akimwagia sukuma maji, amevaa suruali ya zamani iliyofungwa kiunoni kwa kamba. Alipomwona Kaloki alivuta shati kuifunika ile kamba, kisha akaacha.

"Nasikia ulienda Kibwezi," Nyamai alisema.

"Nilienda. Twende ndani."

Waliingia. Kaloki alifunga mlango, akavuta na pazia.

"Inua mikono."

"Kaloki, koti lina mwenyewe. Nimeshampa neno yule dada, na sitalivunja."

"Sikuja kwa koti." Kaloki alitoa tepu mfukoni. "Nipe suruali. Suruali tu. Nitachukua kitambaa kwake."

Nyamai alimtazama jinsi alivyokuwa akimtazama mtoto aliyesema ameandika kazi ya nyumbani. Halafu akainua mikono.

Kaloki alizungusha tepu. Hapakuwa na tumbo pale alipolizoea, tepu ikaja mpaka ikapitiliza. Namba aliiona. Aliiandika ndani ya kiganja kwa kalamu, akafunga ngumi. Akapima paja, akapima mguu, bila neno.

"Mbona leo hupigi kelele?" Nyamai aliuliza.

"Koo inaniuma."

"Pole."

"Ungeniambia, wewe mtu."

"Ningekuambia wapi? Pale kwako hata kikohozi kinaandikwa kwenye daftari."

 Kaloki alijishughulisha na kukunja tepu, akaikunja vibaya, akaanza upya.

"Yule Kasiva," alisema mwishowe akiwa bado ameinama, "bega la kushoto la lile koti amelijaza kidogo. Kwa sababu lako limeshuka."

"Sikujua limeshuka."

"Limeshuka tangu zamani. Mimi nilikuwa nikilijaza pia." Akatia tepu mfukoni. "Lakini yeye amelijaza vizuri zaidi."

Ilimuuma kusema hivyo, na baada ya kusema bado ilimuuma.

Ile kreti aliirudisha dukani juma lilelile, akaweka pazia la maua kwenye pembe ya baraza. Watu wa hoteli ya chai walilalamika kwamba amewaharibia asubuhi. Aliwaambia wanunue redio.

Desemba ilifika, na Nyamai akamtembeza Nthenya katikati ya kanisa, polepole, mkono kwa mkono. Suti ilikuwa ya samawati nzito, na hakuna aliyeona kwamba imeshonwa na watu wawili katika miji miwili, wala hakuna aliyeuliza Mwalimu amepungua kiasi gani. Kasiva alikuwa amealikwa, ameketi upande wa kina mama. Watu walianza kupiga makofi na kunong'ona kama nyuki.

"Tazama lile koti!"

"Koti limemkaa, jamani!"

"Nasikia ni mwanamke aliyelishona."

Kaloki alipiga makofi pamoja nao. Alisimama, akapiga mpaka viganja vikawaka. Kisha akamwinamia mzee Mulinge aliyeketi mbele yake, akamgonga bega kwa kidole.

"Koti mmelitazama ya kutosha," alisema. "Tazameni chini."

"Chini kuna nini?"

"Suruali, Mulinge! Ona vile imegusa kiatu. Mara moja tu."

Mutindi alimvuta koti akae. Akakaa, lakini shingo aliiacha nje, akiifuata ile suruali mpaka mbele kabisa, na kila mwenye koti alipoingia katikati ya macho yake na suruali, alimwashiria kwa kichwa asogee.