Nyumba ya Saba

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa mbili asubuhi, lori la mkuu wa mtaa, chef Dédé, lilisimama mbele ya nyumba saba za familia za Batwa, nje ya mtaa wa Bel-Air, pale ambapo lami imekwisha. Maiti ya Mama Kapya ilikuwa haijaoshwa.

Mumba, binti yake, alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka akikamua kitambaa juu ya beseni aliposikia breki. Mama yake alikata roho alfajiri. Hakuna aliyekwenda kutoa habari mtaani. Hata padri alikuwa hajaambiwa. Mumba alitoka mlangoni huku mikono yake ikidondosha maji. Wanaume wanne walikuwa wakishusha matofali ya saruji na kuyapanga kando ya nyumba ya kwanza.

Chef Dédé alivua kofia yake.

"Pole, Mumba. Hii ni kilio ya siye bote. Lori itapeleka mama ku makaburi, kisha itabafikisha mu pori, kule banachoma miti kuwa makala. Hamutalipa kitu."

"Nani alikwambia mama amekufa?"

"Mimi ni chef. Najua mambo ya mtaa yangu."

"Jana ulipita hapa kuuliza kama angali anakula."

"Nilipita juu ya huruma."

"Na matofali?"

"Lori haiwezi kuya tupu, mama."

Wale waliokuwa wakishusha matofali walicheka kidogo, kisha wakaona uso wa Mumba wakaacha.

Kwa Batwa hawa, mtu akifa, nyumba yake huachwa na za jirani zake pia. Huzika, hubeba masufuria, na jua halizami wakiwa bado pale; kulala karibu na mlango wa marehemu ni kumzuia asiondoke. Tangu walipokimbia vita upande wa Pweto walikuwa wamehama hivyo mara nne, kwa vifo vinne. Kila walipogeuka nyuma, mahali walipokuwa palikuwa pameshapata mwenyewe.

Hapa mambo yalikuwa tofauti. Parokia ilijenga nyumba za matofali ya udongo na mabati, na mtaa ukatoa karatasi moja kwa kila familia. Kwa karatasi hiyo shule iliwapokea watoto, na pale kwenye zahanati muuguzi aliacha kuwaambia wasubiri mpaka wenye makao watibiwe kwanza. Mumba aliisoma karatasi yake mwenyewe, neno kwa neno, mwezi wa tatu wa masomo ya watu wazima. Sharti la mwisho lilisema: nyumba ikikutwa tupu, inarudi mikononi mwa mtaa. Siku ile alilipita haraka kwa furaha ya kufika mwisho wa ukurasa. Sasa alielewa kwamba aliyeliandika alizijua vizuri desturi za Batwa.

Kaka yake Chishimba alitokea nyuma ya nyumba na masufuria yaliyofungwa kwa kamba.

"Yaya," Mumba alimwambia, kama mdogo amwitavyo kaka mkubwa, "tumuzike mama, kisha turudi."

"Turudi ku mulango ya mufu?"

"Tukitoka bote, nyumba zimekwenda. Iko mu karatasi. Nimesoma."

"Mama hakusoma, na aliishi."

"Aliishi akikimbia. Na batoto bako? Mwalimu aliandika jina ya mtaa chini ya majina yabo. Kule mu makala nani atabaandika?"

Chishimba aliyaweka masufuria chini, akayatazama, akayainua tena.

"Wewe ni binti. Ni wewe utashika kichwa yake ku kaburi. Ukibaki hapa, nani atakishika?"

Mumba alirudi ndani. Akamwosha mama yake polepole, uso, kwapa, vidole vya miguu vilivyopasuka kwa kutembea, akamfunga katika kitenge chake cha kanisani. Kisha wakambeba. Watu wa familia zote saba walikuwa wameshapanda, na kuku, na godoro lililokunjwa, na mtoto mmoja aliyelala mgongoni mwa mama yake bila kujua kwamba anahama. Mumba alikishika kichwa cha mama yake mpaka kwenye ubao wa lori. Hapo akakiweka mikononi mwa Angélique, mke wa Chishimba, akarudi nyuma hatua mbili.

"Panda," Chishimba alisema.

"Hapana, yaya."

"Panda, Mumba. Watu banaangalia."

"Baangalie."

Sauti ya Chishimba ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Basi mama hakuzaa binti."

Lori liliondoka. Mumba alisimama barabarani hadi vumbi likatulia. Alikwenda kuketi kwenye kizingiti cha nyumba ya saba, nyumba yake, ambamo mama yake alifia.

Chef Dédé alikuwa akipita mlango kwa mlango na daftari. Alichungulia, akaandika, akachungulia, akaandika. Alipofika kwake hakuinua macho.

"Nyumba saba, tupu."

"Chef, andika sita."

Alicheka. "Mutwa hawezi kulala mu nyumba ya kilio. Hata mutoto mudogo anajua."

"Kesho asubuhi uniulize nililala wapi."

Kesho yake chef alikuja, akamkuta akifagia. Hakucheka tena. Alimweleza, kwa adabu kubwa, kwamba nyumba zilitolewa kwa jumuiya ya familia saba; jumuiya imeondoka kwa hiari yake; mwanamke mmoja si jumuiya.

"Karatasi iko na jina yangu," Mumba alisema. "Hakuna neno jumuiya ndani. Leta ya kwako tusome pamoja."

Chef aliifunga kalamu yake akaenda zake.

Ijumaa alifika mnunuzi, ambaye chef alikuwa amemuuzia kiwanja chote, Mama Joséphine, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mwanamke mpole aliyevaa viatu visivyofaa kwa vumbi lile. Alikuwa na hati yenye mihuri mitatu.

"Pole na kilio, mama. Mimi pia vita vilinitoa kwetu. Najua vile iko."

"Kama unajua, ungeuliza kwanza nani analala humu."

"Chef aliniambia ni nafasi ya batu ya kuhamahama."

"Nimehama?"

Mama Joséphine aliitazama hati yake, akamtazama Mumba, akatazama matofali yaliyokwisha kulipiwa. Kisha akawageukia mafundi waliokuwa wakianza kujenga ukuta wa kukizungushia kiwanja. "Muendelee," alisema, lakini bila nguvu, na akaenda kukaa ndani ya gari.

Ukuta ulipanda pande tatu siku hiyo na siku iliyofuata. Jumamosi mchana hata upande wa barabara ulikuwa umebakiza nafasi ya hatua mbili tu, moja kwa moja mbele ya mlango wa Mumba. Fundi mkuu, Mukuka, alikuwa amekwisha kukoroga saruji. Mumba alitoka na mbabula yake, jiko la makaa, akaitua katikati ya nafasi ile, juu ya msingi, akawasha makaa, akateleka maji ya bukari, ugali wa kwao, akaketi.

"Mama, toka," Mukuka alisema. "Mimi ni mufanyakazi tu."

"Fanya kazi yako, papa. Mimi napika."

"Chef amekwenda kuita askari."

"Bakuye na njaa. Bukari itabatosha."

Mukuka alisimama na mwiko mkononi. Nyuma yake, ndani ya toroli, saruji ilikuwa ikianza kukauka kwa jua. Maji yalichemka. Mumba alimimina unga, akaegemeza goti lake moja kwenye tofali la mwisho, akaanza kusonga.

Wewe uliyefika hapa, usibaki na habari hii peke yako. Msomee jirani yako asiyejua kusoma, naye ampelekee mwingine, kwa maana ukuta haujaisha na Mumba hajainuka.