Kirusi Kisichofunguka

Binti wa Fundi Geti alibakiza jaribio moja chuoni, na akifeli ndiyo basi, harudi tena darasani. Alitakiwa aeleze umbo la kirusi cha korona kwa kielelezo. Baba yake, mchomeleaji vyuma, alidakia kabla hajamaliza kusema.

"Hilo niachie mimi, mwanangu."

"Sawa baba, ila kiwe chepesi. Na kifunguke, waone ndani."

Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Fundi Geti hakuwahi kutoa kitu chepesi karakanani kwake, na hakukusudia kuanza kwa mwanawe wa kumzaa. Alikunja mabati mawili mazito yakawa nusu duara, akachomelea miiba sabini na minne, kila mmoja na nati yake kichwani. Ndani akaviringisha mnyororo wa baiskeli. Kisha, kwa mapenzi tu, akaziba kila kitu kwa mshono ambao hata maji yasingepenya.

Asubuhi wanaume watatu walikibeba hadi darasani wakihema. Fundi Geti alikaa nyuma, kifua mbele.

"Miiba hii ndiyo hujishikiza kwenye seli zetu," binti alieleza. "Kwenye darubini huonekana kama taji. Gamba hili ni utando wa mafuta, laini sana. Sabuni tu inauvunja."

Mkufunzi aligonga gamba kwa kalamu, likalia kama kengele. Darasa zima likaangua kicheko.

"Haya, tuonyeshe ndani."

Binti alikizunguka mara mbili akitafuta pa kufungulia. Hapo ndipo Fundi Geti alipokumbuka, akatamani ardhi ipasuke immeze. Ufundi wake mwenyewe ulikuwa unamfukuzisha mwanawe chuo.

"Hakifunguki, mwalimu," binti alisema.

"Nani kakutengenezea dude hili?"

Fundi aliinamia viatu vyake vilivyotobolewa na cheche. Hata kama binti angesema ni fundi fulani tu wa mtaani, asingemlaumu.

"Baba yangu, yule pale nyuma. Na ndani kuna uzi mmoja wa RNA, wenye maelekezo ya kutengeneza virusi vingine, umeshikwa na protini. Naweza kuuchora nimefumba macho."

"Fumbua, uchore."

Alichora ubaoni bila kusita, uzi, protini, utando, miiba. Mkufunzi akampa kumi na saba kwa ishirini.

Fundi Geti hata hakuzisikia alama. Alikuwa amekwama kwenye "baba yangu", na machozi yalimtoka mbele za watu bila haya.