Taa Mbili Zilizozimika Pamoja

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, ila lilikufa kwa kukosa matumizi. Gereji nzima, mtaa mzima, na hata mkewe akiwa amekasirika, walimwita Zimataa. Alikuwa fundi umeme wa magari, na sifa yake ilikuwa moja. Ukimpelekea gari lenye taa ya onyo iliyowaka kwenye dashibodi ikagoma kuzimika, alikurudishia dashibodi imetulia kama darasa ambalo mwalimu mkuu anachungulia dirishani. Kama ugonjwa wenyewe uliondoka au haukuondoka, hilo lilikuwa swali la watu wasio na shukrani.

Jumamosi hiyo asubuhi alisimama mlangoni pa gereji na kikombe cha chai mkononi, akimsubiri binti yake. Binti alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa amehamishiwa shule ya mji mwingine, safari ya saa tano nzima, na nusu yake ni mteremko wa kona kali na malori yasiyojua adabu. Wangepita kuaga. Tena mkwe alikuwa na kitu cha kuonyesha.

Kitu chenyewe kilifika kikipiga honi. Lilikuwa gari la juu, aina ile inayopita kwenye mashimo kwa dharau, la miaka mingi lakini limepakwa rangi mpya ya buluu iliyokoza. Mkwe alishuka taratibu kama mgeni rasmi aliyekuja kuzindua kisima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Ndilo hili?"

"Ndilo lenyewe. Mwenyewe wa kwanza alikuwa analitoa Jumapili tu."

"Magari yote yanayouzwa yalikuwa yakitolewa Jumapili tu," alisema Zimataa. "Sijui siku nyingine za wiki barabarani huwa kunajazwa na nani."

"Baba, usianze," binti alisema kutoka kiti cha mbele, akijishusha kwa awamu tatu kwa sababu ya tumbo. "Jana amelifuta vumbi kwa taulo langu la kuogea. Taulo langu, baba. La kwake kaliacha lining'inie."

Mafundi wengine walisogea. Pancha, muuza matairi ambaye hajawahi kukosa mkutano wa watu zaidi ya wawili, alipiga teke gurudumu moja na kutikisa kichwa kama daktari. Mkwe akarudi nyuma ya usukani. "Sikiliza injini, baba. Njoo dirishani."

Zimataa akainamisha kichwa ndani. Ufunguo ukazungushwa. Dashibodi ikawaka yote, nyekundu na njano, kama inavyopasa. Injini ikaunguruma, na taa zikaanza kuzimika moja moja. Zilibaki mbili. Moja ilikuwa ya oili, kile kibuyu kidogo kinachodondosha tone. Nyingine ilikuwa ya eabegi, yule mtu mdogo aliyeketi na duara kubwa mbele ya kifua, alama ya mfuko wa hewa unaofura gari likigonga ili uso wa mtu usikutane na usukani.

Zikazimika pamoja. Kufumba na kufumbua, zote mbili.

Chai ikammwagikia Zimataa kiatuni, na hakusikia moto.

Katika gari lisilo na hitilafu, mtu mdogo yule huzimika mwenyewe baada ya sekunde chache, gari likishajipima na kuona mifuko ipo salama. Taa yake haingoji injini. Taa ya oili ndiyo inayongoja injini. Hazina undugu, hazina sababu yoyote ya kuzimika kwa pamoja, labda awepo mtu aliyekata waya wa moja akaufunga kwenye waya wa mwenzake ili ionekane inawaka na kuzimika kama kawaida. Katika mji ule mtu wa kufanya hivyo alikuwa mmoja, na aliwahi kujisifu kwa kazi hiyo mbele ya watu wakampigia makofi.

"Zima," alisema. "Washa swichi peke yake. Stata usiiguse."

Mkwe akatii. Zimataa akahesabu moyoni. Sita. Kumi. Ishirini. Mtu mdogo mwekundu aliendelea kuwaka, anamtazama.

"Sasa piga stata."

Zikazimika pamoja tena.

Likamrudia lote. Miaka saba nyuma, na gari lilikuwa jeupe. Lililetwa likivutwa kwa kamba, mbele pamepondeka, mifuko yote miwili ya hewa imekwisha kupasuka na kuning'inia kama ndimi. Mwenyewe alitaka kuliuza haraka. Mifuko mipya ilikuwa ghali na ilibidi iagizwe mbali. Basi Zimataa aliikata ile mizee, akashindilia matambara kwenye matundu ili pasitoe mlio wa debe, akabandika vifuniko kwa gundi, akafunga zile nyaya mbili. Mteja alicheka mpaka machozi kwa furaha.

"Kuna tatizo, baba?" mkwe aliuliza.

Ilikuwa nafasi ya wazi kabisa. Pancha alikuwa anatazama. Mafundi wanne walikuwa wanatazama. Mkwe, ambaye tangu siku ya posa alizungumza naye kwa macho yaliyoinamishwa, alikuwa anangoja hukumu ya fundi mkuu.

"Hakuna," ulimi wa Zimataa ukasema. "Taa zinazima vizuri."

Tangu hapo akawa mtu wa kuhangaika. Alipima oili mara mbili. Akataka matairi yajazwe upepo, na yalipojazwa, akataka yapunguzwe. Akasema mawingu hayamridhishi, ilhali anga ilikuwa tupu kama karatasi ya mtihani ya mtoro. Akasema wale kwanza.

"Tumekula, baba," binti alisema. "Kama utatukumbuka, sema tu utatukumbuka. Haiumi."

"Basi wewe kaa nyuma. Mjamzito nyuma ndiko kuzuri."

"Nyuma natapika. Unataka nitapike kwenye viti vya mume wangu? Ataniacha leo leo."

"Na mbele ndiyo salama zaidi," mkwe aliingilia kwa upole. "Kuna eabegi, baba, upande wangu na upande wake. Kuna gari jingine lilikuwa rahisi zaidi, halina. Nikasema hapana. Nimenunua hili kwa sababu yao wawili." Akapiga kofi dashibodi mbele ya kiti cha mkewe, kwa kujivunia.

Ilitoa sauti laini, ya kitu kilichojazwa nguo. Hakuna aliyeisikia ila mmoja.

"Nawasindikiza mpaka njia panda," Zimataa alisema, akafungua mlango wa nyuma na kupanda kabla hajajibiwa.

Wakaondoka. Kutoka gerejini hadi njia panda ni dakika kumi na tano, na Zimataa alizitumia zote kukitazama kisogo cha binti yake na kutunga hotuba. Alianza na "Wanangu, mimi si mtu mbaya," akaifuta. Akajaribu "Zamani hizo mambo yalikuwa magumu," akaona inafanana na maelezo ya mwanafunzi aliyekutwa juu ya ukuta wa bweni. Kila alipofungua mdomo, mkwe alisema jambo la heshima. Kwamba akizaliwa wa kiume atapewa jina la babu. Kwamba siku hizi ufundi wa kweli umebaki kwa wazee kama yeye. Zimataa akafunga mdomo. Njia panda ikaanza kuonekana, na nyuma yake barabara inayokunjamana kushuka bondeni. Pale ndipo angeshuka, awapungie mkono.

Lori lililokuwa mbele yao likasimama ghafla, bila taa wala ishara.

Mkwe akakanyaga breki kwa miguu yote. Matairi yakalia. Masanduku ya nyuma yakaruka na kumgonga Zimataa mabegani, na katikati ya hilo vumbi la sekunde mbili aliona jambo moja tu. Binti yake alikwenda mbele, mikono yote miwili imekumbatia tumbo badala ya kujikinga uso. Mkanda ukamkamata. Paji la uso likasimama shubiri moja kutoka dashibodi, likarudi.

Gari lilikuwa limetulia hatua mbili nyuma ya lori. Binti alikuwa anapumua kwa mdomo, macho yamefumbwa, anasikiliza tumboni.

"Anacheza," alisema hatimaye. "Yuko sawa. Amenipiga teke, amekasirika."

"Usiogope," mkwe alisema. "Hata tungegonga, eabegi zingefunguka."

"Hazipo," Zimataa alisema.

"Nini hazipo?"

"Eabegi. Egesha gari, mwalimu."

Mkwe aliegesha kando ya barabara, akazima injini, akageuka. Alikuwa na tabasamu la mtu anayengoja mwisho wa utani. Zimataa hakumpa mwisho wowote. Alishuka, akafungua mlango wa mbele, akatoa bisibisi mfukoni na kuichomeka kwenye ukingo wa kifuniko mbele ya magoti ya binti yake. Ilikuwa gundi yake mwenyewe, alijua pa kuishika. Kifuniko kikaachia.

Ndani hapakuwa na mfuko. Palikuwa na kitu cha kijani kilichokunjwa na kushindiliwa. Binti akakivuta. Kikatoka kirefu, kikawa na mkono, kisha mkono wa pili, kisha kola. Kwenye kola palishonwa namba kwa uzi mwekundu, arobaini na nne.

"Sweta langu," binti alisema.

Zimataa alitazama chini. Hata yeye alikuwa amesahau. Siku ile matambara yalimpungukia, na kwenye kamba ya nguo nyumbani kulikuwa na hili.

"Sweta langu la shule. Kidato cha pili. Nilirudi bwenini bila sweta, matroni akanisugulisha mabafu wiki mbili. Msimu wa baridi. Nilikuuliza, baba. Nilikuuliza kwa utaratibu kabisa. Ukaniambia labda limeliwa na mbuzi." Akalikung'uta mara moja. "Hatukuwa na mbuzi."

Mkwe alikuwa ameshuka. Alizunguka gari lake la buluu mara moja, kama anayelitafuta gari lingine lililokuwepo hapo. Akarudi.

"Ulisema taa zinazima vizuri."

"Nilisema."

"Leo. Umesema leo, baba. Si miaka saba iliyopita."

Hilo ndilo lililompata. La zamani alikuwa na maelezo yake, hata kama yalikuwa ya yule mwanafunzi wa juu ya ukuta. Hili la leo hakuwa na kitu. "Niliona haya mbele yako," alisema. "Na mbele ya Pancha."

"Pancha!" mkwe alisema, akashika kichwa, akaenda kuketi juu ya jiwe.

Binti alilikunja sweta taratibu, mikono ndani, kola juu, kama wanavyofundishwa. "Mangapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Magari. Umeyafanyia hivi mangapi?"

"Si mengi sana..."

"Mwalimu wa hesabu ameketi pale. Taja."

Zimataa akaanza kwa vidole. Gari la mkunga. Lile la muuza dawa. Mzee wa mashine ya mbao. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia wa pili. Alipofika cha saba alisita, akabaki amekishika.

"Huyo nani?" binti aliuliza.

"Yule dereva anayebeba watoto wa shule."

Binti alinyoosha mkono, akaichukua simu ya baba yake kutoka mfuko wa shati, akampa. Zimataa aliishika. Alijua ikishaita, hakuna tena fundi anayeitwa kwa lile jina kwa sifa. Litabaki jina lilelile, lakini watu watalitamka kwa namna nyingine, na Pancha atakuwa wa kwanza. Akabonyeza.

"Zimataa!" Sauti ilikuwa ya furaha, na nyuma yake watoto walikuwa wanaimba kwa makelele. "Mkubwa wangu! Nawapeleka hawa mashindano ya kwaya, wananitoboa masikio. Ile taa, nikuambie, haijarudi hata siku moja. Nakuombea dua."

"Sikutengeneza kitu," Zimataa alisema. "Niliizima tu."

"Sasa si ndiyo kutengeneza?"

"Siyo. Mbele umekaa na nani?"

"Wawili, wadogo. Wamebanana kiti kimoja na mkanda mmoja, wanapenda kuona barabara. Kwani vipi?"

"Tafuta pa kusimama sasa hivi. Wahamishe nyuma. Nitakueleza yote, na utanitukana, lakini simama kwanza."

Upande wa pili dereva alicheka, kisha akaacha kucheka. Kwaya iliendelea. Zimataa aliziba sikio moja kwa kidole, akaikandamiza simu kwenye lile jingine, akangoja kusikia ile injini ikizimwa.