Jogoo Aliyelipia Masizi

“Haki ya Mungu, nikidanganya treni ya kesho isifike!” Mzee Kassiani aliapa, akalamba ncha ya kidole na kukinyoosha juu kwenye bati. “Yote haya ni kweli tupu, hakuna chumvi hata punje. Gunia moja la mkaa, tangu Pasaka! Limekaa hapo jikoni mpaka limeota uyoga. Asiyeamini aende akachume.”

Wanajumuiya wakaangua kicheko. Walikuwa wamemaliza kusali nyumbani kwake mtaani Shanwe, maana wiki ile ilikuwa zamu yake kuwapokea majirani, na chai ilikuwa imeshuka vizuri.

Mkewe Klementina hakucheka. Alisimama mlango wa jikoni na beseni la vikombe, kifua kikimpanda na kushuka. Uyoga! Uyoga gani? Kweli yenyewe ilitosha. Zamani gunia la mkaa lilikuwa halimalizi mwezi, siku hizi linavuka mwezi na kuingia katikati ya mwingine. Hilo si jambo la kusema? Kwa nini mtu apewe kweli nzuri hivyo, aivishe kofia na miwani?

Na isitoshe, kapu lililookoa mkaa huo lilikuwa lake. Alilisuka kwa mikono yake, akalishindilia nyasi kavu na vipande vya blanketi lililochakaa, akatandika shuka jeupe ndani na kushona mto wa kufunika juu. Unachemsha maharage yaliyolala kwenye maji, yakishachemka sawasawa unaepua na sufuria lake, unalifunga humo na joto lake, nawe unaenda zako shamba. Ukirudi yameiva. Mkaa uliobaki unauzima kwa majivu, kesho unauwasha tena. Mchango wa Kassiani katika kapu lile ulikuwa mmoja tu: siku moja alilikalia akidhani ni stuli.

Mambo mengine ya nyumba ile yalikuwa hivyo hivyo. Nani aliyekusanya vipande vya sabuni kwenye soksi, akaifunga fundo, ikafulia mpaka kipande cha mwisho? Klementina. Nani aliyepaka sufuria udongo nje kabla ya kulipikia kwa kuni, ili masizi yatoke kwa maji matupu bila kumaliza sabuni? Klementina. Nani aliyefinyanga chenga za mkaa na udongo, akazianika ziwe matonge ya kuchomea? Na nani aliyekwenda kijiweni Majengo akasema, “Mimi nyumbani kwangu nimebuni mbinu”?

“Mzee, na yale mayai?” aliuliza Goreth, mwanamke mwembamba wa nyumba ya tatu, mwenye mdomo usio na breki.

“Mayai ni kweli vile vile! Niliyafunga kwenye kapu yachemke, nikapata safari ya ghafla ya Karema. Narudi, nafungua, nakuta vifaranga! Vinanitazama hivi. Kimoja kikaniita babu.”

Watu wakashika mbavu. Goreth alicheka mpaka akapangusa machozi kwa ncha ya kitenge, kisha akageuka jikoni na kusema polepole, “Mama Wema, mimi nilishakata ukindu nisuke la kwangu. Sasa naona nitauacha. Kumbe ni hadithi za baba.”

Maneno yale yalimchoma Klementina kuliko moto wa mafiga. Kwa Goreth kulikuwa na jioni ambazo watoto walilala na uji mwepesi, si kwamba maharage hayapo. Yapo ndani ya ndoo. Mkaa wa kuyaivisha ndio haupo. Klementina alikuwa amehangaika naye muda, yeye na akina mama wengine wa jumuiya, mpaka wakakubali kusuka. Na sasa mwanamume mmoja kwa uyoga na vifaranga vyake analibomoa kapu lote!

“Goreth, usimsikilize huyu. Kapu linaivisha,” alisema.

“Anayelisifia ni mwenye nyumba, dada. Nisipomsikiliza yeye nimsikilize nani?”

Hapo Yohani, mwenyekiti wa jumuiya, akaona pa kuingilia. “Hili ni dogo. Jumamosi ijayo tunaadhimisha sikukuu ya somo wetu, mtakatifu wa jumuiya. Maharage ya siku hiyo yapikwe kwenye kapu hilo hilo, tuone kwa macho.”

“Yasipoiva mle Stesheni Masta!” Kassiani alidakia.

Kila mtu Shanwe alimjua Stesheni Masta. Alikuwa jogoo mwekundu mwenye mkia mrefu, mguu kama wa mbuni. Kassiani, aliyestaafu reli na bado ana kofia yake ya kazini, alikuwa akimgawia ugali wa sahani yake mwenyewe na kuwaapia watu kwamba jogoo huyo huwika treni inapoondoka Kaliua, mbali kule.

“Umesema mbele ya watu, mzee,” Goreth alimwambia.

“Nimesema! Na nitasema tena kwa kipaza sauti!”

Klementina aliweka beseni chini kwa kishindo, vikombe vikagongana.

Jumamosi asubuhi Klementina alibandika maharage jikoni kwa mkaa. Ilimbidi aende Mwamkulu kwa dada yake kuchukua mchele, na bodaboda alikuwa anapiga honi nje.

“Baba Wema, nisikilize vizuri. Yaache yachemke. Chukua moja kwenye kijiko, pulizia. Ganda likibanduka, ndiyo uepue, ufunge kwenye kapu. Ukishafunga usifungue. Hata akija askofu usifungue.”

“Mama Wema, unamfundisha samaki kuogelea?”

“Namfundisha mwanamume kunyamaza,” alijibu, akapanda pikipiki.

Yaliyofuata Klementina aliyapata baadaye, lakini tuyaweke hapa hapa yalipotokea.

Kassiani alikaa mbele ya jiko akiutazama mkaa unavyoliwa, roho ikimuuma. Aliwaza namna atakavyosimama mbele ya watu na kusema, “Nimetumia vipande vitano tu!” Povu la kwanza lilipopanda aliepua. Kupulizia? Maharage si mshumaa. Akayafunga kwenye kapu na kulitoa nje barazani, likae mahali pa kuonekana.

Basi likaonekana. Akapita muuza dagaa. “Mzee, hilo nini?” Kassiani akafunua mto na kufungua mfuniko, mvuke ukatoka wote, akaeleza. Akapita fundi baiskeli. Akafunua, akaeleza, safari hii akaongeza vifaranga. Wakapita wasichana wawili wanatoka kisimani, nao akawaita mwenyewe. Kila hadithi iliondoka na joto lake. Jua lilipofika utosini alitia kijiko ajionee. Harage likalia kwenye jino kama changarawe, na maji yalikuwa ya kunawia uso.

Mzee alimtazama Stesheni Masta. Stesheni Masta alimtazama mzee.

Jiko la nyumbani lilikuwa limezima, na kiberiti Klementina alikuwa ameondoka nacho kwenye pochi, maana hata njiti za nyumba ile zilipasuliwa mbili na hazikuachwa ovyo. Nyuma ya uzio alikaa Zablon, seremala kapera aliyepikia jiko la maranda: unashindilia maranda kwenye kopo kubwa la rangi, chupa imesimama katikati, ukichomoa chupa unabaki na tundu la moto. Mbao zake zinampa kuni za bure mwaka mzima. Kassiani akapenya uzio na sufuria kifuani.

“Shemeji Zablon, niokoe. Naomba moto, na naomba usinione.”

“Sijakuona, mzee. Bandika.”

Jiko la maranda halina utani. Lilifuka moshi, likakoka na kuunguruma, na kabla misumari ya meza moja haijaisha kupigwa, maharage yalikuwa yamelainika. Kassiani alipangusa sufuria kwa jani la mgomba, akarudi kwa kunyata, akalizamisha kapuni, akafunika mto. Kisha akavaa kofia ya reli na kukaa pembeni kama mlinzi wa benki.

Klementina aliporudi na mchele alimkuta hivyo, kimya. Hilo peke yake lilitosha kumtia wasiwasi. Mume wake kukaa kimya ni kama mvua kunyesha Agosti.

“Umepulizia?”

“Nimepulizia.”

“Ganda lilibanduka?”

“Lilibanduka likaenda zake.”

“Umefungua?”

“Mama Wema! Nyie wanawake hamuamini kitu!” alisema kwa uchungu mkubwa, mpaka karibu ajiamini mwenyewe.

Wanajumuiya wakaja, wakasali, wakaimba, sikukuu ya somo ikaadhimishwa. Wali wa Mwamkulu ukanukia mpaka barabarani. Ndipo Yohani akamwita Goreth afungue kapu mbele ya wote. Mto ukatoka. Mvuke ukapanda, harufu ya maharage yaliyoiva ikajaa ua mzima. Goreth akachota moja, akalibonyeza kwa vidole viwili, likapondeka.

“Yameiva!” alipiga kelele. “Jamani, yameiva kweli!”

Vigelegele vikapigwa. Kassiani alikuwa ameshasimama. “Niliwaambia! Vipande vitano vya mkaa! Vinne, na kimoja kilikuwa nusu!”

Goreth akashika sufuria kwa vitambaa, akalinyanyua. Vigelegele vikakatika. Kitako cha sufuria kilikuwa cheusi tii. Na chini, kwenye shuka jeupe la Klementina, palikuwa na duara jeusi, pana na lililokolea, kama mtu kapiga muhuri.

“Mama Wema,” Goreth alisema, “jiko la leo lilikuwa la mkaa au la kuni?”

“La mkaa.”

“Mkaa umeanza lini kutoa masizi namna hii?”

Kule nyuma ya uzio Zablon, ambaye hakuwa na habari, aliita kwa sauti ya kujaa wema, “Mzee Kassiani! Mfuniko wako umeusahau huku jikoni kwangu!”

Kweli, sufuria lilikuwa limefunikwa sahani.

Kicheko kilicholipuka hapo kiliwafukuza hata kuku. Lakini Klementina alisikia kitu kingine ndani ya kicheko hicho. Alimsikia Goreth akisema, si kwa ubaya, kwa kuchoka tu, “Basi ndiyo hivyo. Nilijua. Kapu haliivishi kitu.” Akasikia akina mama wanaguna kukubali. Hapo hasira aliyoikalia miaka yote ya ndoa ikasimama.

“Nyamazeni nyie wote!” alisema, wakanyamaza. “Kapu halijadanganya mtu. Kapu halina mdomo! Aliyedanganya ni huyu mwenye kofia. Baba Wema, simama hapa. Uliepua lini?”

“Mama Wema, mbele ya watu...”

“Si uliapa mbele ya watu? Uliepua lini?”

“Povu... lilipopanda.”

“Na ukafungua mara ngapi?”

“Aliyeuliza nilimwonyesha. Ni adabu.”

“Ni adabu! Mimi nalala na harufu ya moshi miaka na miaka, natafuta namna watu wapike bila kumaliza hela yote kwenye mkaa, napata kitu cha kweli, unakigeuza kichekesho! Ungesema kweli tu, ingekupungukia nini? Leo watoto wa Goreth wakilala na uji, watakula uyoga wako?”

Kassiani alivua kofia.

“Mwenyekiti,” Klementina aligeuka kwa Yohani, “alisema yasipoiva kwenye kapu mle jogoo. Hayakuiva kwenye kapu. Yameiva kwa Zablon. Namdai jogoo. Ila ataliwa kwa masharti yangu. Jumamosi ijayo atapikwa kwenye kapu hili, na Goreth ndiye atakayelifunga.”

“Yule jogoo mzee?” mtu akaguna. “Yule hata kwa kuni za siku nzima...”

“Yule yule.”

Jumamosi ikafika. Kassiani alimkamata Stesheni Masta mwenyewe, akamnong’oneza neno ambalo hakuna aliyelisikia, akamkabidhi kwa Yohani huku akitazama pembeni. Klementina alimchemsha kwa mkaa, bila haraka na bila ubahili wa kijinga, mpaka alipotosheka. Goreth akalifunga kapu kwa kamba ya katani, akapiga fundo la kwake asilolijua mtu mwingine. Kassiani akapewa stuli na kazi: kulinda kapu, asiguse, na asiseme neno.

Mateso yake hayakuwa ya jogoo peke yake. Muuza dagaa alipita. “Mzee, leo humo mna nini?” Mdomo wa Kassiani ukacheza, kidole kikaanza kupanda juu kuelekea kuapa. Klementina akakohoa mlangoni. Kidole kikashuka. Fundi baiskeli naye akauliza, na mzee akaonyesha mdomo wake kwa kidole, akatikisa kichwa, macho yamemjaa hadithi zisizo na pa kutokea.

Jioni Goreth alikagua fundo lake, akalifungua. Sufuria lilitoka, kitako safi. Alishika paja la Stesheni Masta alivute, mfupa ukamjia mkononi peke yake, nyama ikabaki kwenye mchuzi. Akautazama mfupa, akamtazama Klementina.

“Dada, ukindu bado ninao,” alisema. “Kesho nije saa ngapi?”

“Hata leo, tukimaliza kula.”

Walikula wote, hata Zablon aliitwa. Kassiani alipewa sahani yenye miguu miwili na shingo, akaila bila kulalamika. Kisha Klementina akamwekea mbele beseni la maji, lile shuka jeupe lenye duara jeusi, na soksi ya vipande vya sabuni.

“Mpaka liwe jeupe,” alimwambia. “Na usimalize sabuni.”

Mzee alikunja mikono ya shati, akaanza kufikicha. Masizi ya maranda ni mabaya, yanatembea. Goreth, akiwa ameshakaa mkekani na ukindu wake, alimwangalia kwa muda, akashindwa kuvumilia.

“Mzee, litatoka hilo?”

Kassiani aliangalia mlangoni kwa mkewe, akarudisha macho kwenye beseni.

“Sijui, mwanangu,” alisema, na lile lilikuwa kweli tupu.