Mazoezi ya Kwenda Vienna

Binti yangu Hyerim alinitumia sheria kabla hajanitumia tiketi. Sheria tisa, kazipiga chapa kwa herufi kubwa kubwa eti macho yangu yamezeeka, na chini kabisa kaacha mstari wa mimi kuweka sahihi. Nilizisoma kwa sauti palepale kwenye kibanda changu cha chakula, sokoni Daegu, mikono yangu ina pilipili mpaka kwenye viwiko.

"Kwanza, usiulize bei. Pili, usiseme 'Bado mbali?' Tatu, usiseme chakula hiki hata nyumbani ningekipika. Nne, usiseme umechoka. Tano, usiseme miguu inauma..."

"Hee!" akadakia Mama Dongsu, jirani yangu muuza dagaa wakavu. "Hiyo safari au jela?"

"Nyamaza wewe. Wa kwako wamekupeleka wapi?"

"Wa kwangu hawajanipeleka popote, lakini mdomo wangu ninao."

Siku hizi watoto wengi huku kwetu Korea wanawapa wazazi karatasi kama hizo kabla ya kusafiri nao. Wanaziandika kwa kucheka, na wazazi wanatia sahihi kwa kucheka. Hyerim hakucheka, na mimi nilijua kwa nini.

Miaka minne nyuma alinipeleka Da Nang, kule Vietnam. Siku ya tatu, kwenye mgahawa wa ufukweni alioutafuta wiki nzima, nikafungua mdomo wangu huu usio na kufuli: "Hela yote hii kwa tambi? Nyumbani ningekupikia sufuria nzima!" Akaviweka vijiti vya kulia mezani, akainuka, akaenda zake. Tuliporudi, miezi mitatu hakunipigia simu. Mtoto ninaye mmoja tu, baba yake tulishamzika, na miezi mitatu nililala na simu kifuani.

Kwa hiyo aliposema, "Mama, mwezi wa tano twende Vienna, siku tano," sikuwaza makasri wala keki. Niliwaza hivi: huyu mtoto amenirudia, nikiharibu na safari hii, hatarudi tena. Nikanawa mikono, nikaweka sahihi, na muhuri wangu juu yake.

Basi mipango ikaanza. Kila jioni Hyerim alinipigia kutoka Seoul, jedwali lake liko mbele yake. Kazi yake ni ya bima, na safari nayo anaipanga kama anayesubiri ajali.

"Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi kasri. Dakika tisini. Saa tano kanisa kuu, tunapanda mnarani, ngazi mia tatu na kitu. Saa saba kasoro robo chakula cha mchana, nimeshaweka nafasi. Saa nane na nusu makumbusho. Unanisikia, Mama?"

"Nakusikia. Vizuri sana."

"Ngazi hazitakusumbua?"

"Ngazi? Mimi? Mama yako ni mbuzi wa mlimani."

Magoti yangu yalisikia, yakacheka.

Wiki iliyofuata akaniletea viatu kwa posta, vyeupe, vya kutembelea. Nikavivaa. Vidole vikajikunja, kisigino kikakataa. Saa ile ile simu ikalia, na uso wake uko kwenye kioo.

"Vinakutosha?"

"Kama nimezaliwa navyo!"

Mama Dongsu alikuwa amekaa kwenye ndoo yake ananitazama. Nilipokata simu akasema, "Mwambie vinakubana, mwanamke wewe. Mwambie leo, akavibadilishe."

"Sheria ya tano."

"Sheria ya tano ni ya Vienna. Hapa ni Daegu."

"Ukianza kulalamika Daegu, Vienna hufiki," nikamjibu, nikaendelea kukatakata figili zangu.

Haya. Mwezi wa nne Hyerim akasema njoo Seoul Jumamosi moja, tufanye mazoezi. Siku nzima kama tuko Vienna: matembezi, makumbusho, mgahawa. Alisema ni mazoezi ya miguu. Mimi nikajua ni mtihani, na anayetahiniwa ni mdomo.

Asubuhi nikashuka kwenye treni, viatu vyangu vyeupe mguuni. Tukaanza na kasri, nyua zote, mawe chini. Kufika ua wa pili kisigino kilishaanza kuwaka moto. Nikasema, "Pazuri." Tukaingia makumbusho, ghorofa tatu, viti viko lakini jedwali halikuvitaja. Nikasema, "Vizuri." Kuna mlima pale wa kwenda kutazama mji, tukaupanda. Nilijikaza kisabuni, mwenzenu. Ulimi nimeuuma hata nikausikia chumvi.

Hyerim alikuwa ananitupia jicho kila baada ya hatua kumi.

"Unataka tupumzike?"

"Kwani wewe umechoka?"

"Mimi sijachoka."

"Basi twende."

Mchana akanipeleka mgahawa wanaopika chakula cha Vienna, ili nikizoee. Vitambaa vyeupe mezani, mhudumu kavaa kizibao. Sahani ikaja. Nikaitazama. Jamani! Nyama iliyopondwa ikawa nyembamba, ikachovywa kwenye yai, ikavingirishwa kwenye chenga za mkate, ikakaangwa. Nyama hiyo nimeikaanga kila Ijumaa kwa miaka ishirini, nikawafungashia wafanyakazi wa benki! Tofauti ni kwamba hii ilikuwa kubwa kuliko sahani, na juu yake kuna kipande cha limau.

Maneno yalinijaa mdomoni kama maharage. Hyerim alikuwa hajagusa sahani yake, ananingoja.

"Vipi, Mama?"

"Tamu mno. Sijawahi kula kitu kama hiki."

"Hujawahi?"

"Tangu nizaliwe."

"Mama. Si ndiyo ile ile unayokaanga pale..."

"Haifanani hata kidogo."

Akashusha macho kwenye sahani yake, akala vipande viwili, akaacha. Nilidhani nimefaulu. Mbona basi uso wake hauna furaha?

"Uko tofauti leo," akasema tulipotoka.

"Tofauti vipi?"

"Mpole."

"Nimekua," nikamwambia, nikachechemea nyuma yake ili asinione.

Saa kumi na moja jioni tukafika kwake. Kama kawaida, viatu mlangoni. Yeye akavua vyake, akapita ndani. Mimi nikainama, nikavuta, kiatu kikagoma. Nikavuta kwa nguvu, kikatoka, na soksi yangu nyeupe ilikuwa nyekundu kutoka kisigino mpaka katikati ya unyayo. Nikataka kuirudisha ndani ya kiatu. Nikachelewa, kwa sababu Hyerim alikuwa amegeuka kuniletea ndara.

"Nini hiyo?"

"Pilipili."

"Mama!"

Akanishika bega, akanikalisha pale pale kizingitini. Akavua kiatu cha pili. Nacho vilevile. Akaondoka mbio, akarudi na maji ya uvuguvugu na mkasi, maana soksi ilishagandamana na ngozi. Mdomo wake ukawaka.

"Una akili wewe? Tangu asubuhi unatembea hivi? Kasri, makumbusho, mlima! Nilikuuliza mara ngapi? Unataka watu waseme namuua mama yangu?"

Nami nikapandisha sauti. Siku nzima nilikuwa nimebana, kifuniko kikaruka.

"Unanifokea? Nani kaandika usiseme miguu inauma? Nani kaniwekea mstari wa sahihi kama mdaiwa? Nimesema neno? Nimetimiza zote tisa, na bado nafokewa!"

"Zile zilikuwa utani!"

"Hazikuwa utani. Ulipoziandika ulikuwa umenuna, nakujua, mimi ndiye niliyekuzaa."

Akaikata ile soksi polepole, uzi kwa uzi, akanimwagia maji. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Da Nang nilikuwa nimeachishwa kazi. Sikukwambia. Nilisema angalau nimpeleke Mama mahali, nimsikie akisema kitu kimoja, kimoja tu, kuwa ni kizuri."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba huna kazi. Siku tatu simu yako haikulia hata mara moja, wewe ambaye simu yako hailali. Ndiyo maana nikasema vile juu ya zile tambi. Nilikuwa nataka turudi chumbani tule vya kwetu, usimalize akiba yako."

Akainua uso. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, mwanamke mzima wa miaka thelathini na tisa.

"Mbona hukusema hivyo?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Nikaona sasa ndipo safari inapofia, nikamshika mkono kabla hajainuka. "Usiifute safari, mwanangu. Nitapona. Nitanunua viatu vingine. Vienna siijui, sina ninachokidai huko. Nataka kwenda na wewe, basi. Ungesema twende Busan, hapahapa kwetu, kwa basi ningetia sahihi vilevile."

Alinifunga bandeji miguu yote miwili. Akaniegemeza kwenye mto, akaleta kompyuta yake, akalifungua lile jedwali akaliweka mbele yangu. Vijumba vidogo vidogo, kila kimoja na saa yake.

"Haya, niambie. Ukifika Vienna, wewe unataka nini?"

"Chochote unachopenda wewe."

"Sikuuliza hivyo."

Mnajua, nina miaka sitini na nane na swali hilo nilikuwa sijawahi kuulizwa. Wateja waliniuliza bei, marehemu aliniuliza chai iko wapi. Nikafikiri mpaka aibu ikanishika.

"Wanasema kule kuna migahawa ya kahawa," nikaanza, "mtu anakaa hata kutwa, hafukuzwi."

"Ipo. Nimeiweka siku ya nne, dakika arobaini."

"Iweke siku ya kwanza. Kutwa nzima. Nataka nikae, mtu mwingine asimame atuhudumie, na wewe ukae mbele yangu ule."

"Nile nini?"

"Chochote. Tangu una miaka sita ulikuwa ukirudi shule unakuta chakula nimekifunika, unakula peke yako. Mimi niko sokoni, nawapikia watoto wa wenzangu. Hyerim, sijawahi kukaa nikakutazama ukila mpaka ukashiba."

Akashika kompyuta, akafuta kasri, akafuta kanisa na ngazi zake, akafuta makumbusho, mpaka siku ya kwanza yote ikabaki nyeupe. Alipangusa pua kwa mkono kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Na siku ya pili?" akauliza.

"Siku ya pili nipeleke kwenye hayo makasri yako. Miguu ikiuma nitasema, na mji mzima utanisikia."